Mkumbushaji wa Hakimu

Kazi yangu kwenye kikundi ilikuwa kukumbusha maneno. Nilikaa upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia, kwenye stuli isiyolia, karatasi za mchezo zikiwa mapajani na kalamu ya risasi sikioni. Mwigizaji akisahau, nilimnong'oneza maneno mawili matatu, naye akaendelea. Siku nikiifanya vizuri, hakuna mtu ukumbini aliyejua kuwa nipo.

Sikuisomea. Nilikuwa mchapaji kwenye duka la fotokopi, na michezo yote ya kikundi ilipita mikononi mwangu. Ukichapa maneno ya watu mara tatu, pamoja na masahihisho, unayajua kuliko wao wenyewe. Siku moja aliyekuwa akikumbusha hakuja, mwongozaji akanitazama, nikakaa. Nimekaa pale miaka tisa.

Mwongozaji wetu tunamwita Madamu. Siku za kazi hufundisha hesabu, na huongoza mchezo kama anavyosahihisha madaftari: hakosei, hapayuki, na akikupa vema moja unalala nayo wiki nzima.

Mtu ninayetaka kumweleza hapa ni mtoto wa kaka yangu. Alipewa jina la marehemu baba yetu, kwa hiyo mimi humwita Baba, naye huniita Shangazi, na asiyetujua akitusikia hudhani mmoja wetu amechanganyikiwa. Alizaliwa kabla ya siku zake akachelewa kulia. Ubongo ukapata jeraha mahali pale panapoamrisha viungo. Mguu wake wa kulia unaburuta, anatembea kwa gongo moja, na mdomo wake unachelewa kumtii. Akili haikuguswa. Ulimi nao, ukishafika, ni mkali kuliko wa mtu yeyote katika ukoo wetu.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alishika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliingiza misumari na mabati kwenye kompyuta kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na mwenye duka alikuwa akisema tangu kijana huyu aje hata boliti haijapotea.

Kwa hiyo hakuwa na shida kubwa na maisha. Shida yake ilikuwa sisi. Kaka yangu ni fundi umeme, mtu wa haraka, na ana tabia ya kukumalizia sentensi kabla hujavuta pumzi. Humfanyia mtu yeyote, hata mchungaji, lakini kwa mwanawe ndiyo ilikuwa dini. Na kwa kuwa alikisia, mara nyingi alikosea. Kijana akianza kusema "naomba cha...", chai inamiminwa. Alikuwa anataka chaja. Alikuwa anainywa chai na simu inazima.

Nami sijisafishi. Siku alipoandikishwa sekondari, mwalimu mkuu alimuuliza anapenda somo gani, nikajibu mimi: historia. Niligundua miaka sita baadaye kwamba alikuwa anataka kusema kemia.

Jumamosi duka lao hufunga saa sita mchana, akawa anakuja kunisubiri kwenye mazoezi. Tulifanyia mazoezi kwenye darasa la Madamu, madawati tumeyasukuma ukutani. Yeye alikaa nyuma kabisa, gongo kaliegemeza, akicheka. Ana kicheko cha ghafla, cha juu, ambacho hakijawahi kupata tabu ya kutoka.

Mwaka ule tulikuwa na mchezo wa kuchekesha kuhusu kesi ya dirisha. Mtu ametoboa dirisha kwenye ukuta wake, linatazama uani kwa jirani, jirani anamshitaki. Mshitaki alikuwa Bonge, ambaye mtaani ni muuza nyama. Mshitakiwa alikuwa Nesi, na huyo ni nesi kweli. Wiki sita kabla ya onyesho, aliyekuwa anaigiza hakimu akapata uhamisho wa kikazi, akatuaga kwa ujumbe wa simu.

Madamu hakulalamika. Aligeuka akatazama nyuma ya darasa.

"Wewe wa mwisho. Leo umecheka mara saba, na mara zote saba palikuwa pa kuchekea. Njoo usome."

Akaja. Akasoma. Sitaandika hapa jinsi kila neno lilivyovutwa, maana karatasi haitatosha. Msomaji amuwekee muda mwenyewe. Itoshe kusema alisoma hukumu yote, aya tatu, mistari ishirini na miwili, na alipofika mwisho Nesi alikuwa ameshika shavu kama kweli anasubiri kufungwa.

Kuanzia siku hiyo kikundi kikamwita Hakimu. Bonge ndiye aliyempenda kuliko wote, yaani ndiye aliyemtania kuliko wote. Alimvutia kiti, akamsogezea maji, halafu akamwambia kwamba hakimu wa aina yake ni neema kwa wahalifu: akikupa kifungo, utakuwa umeshakimaliza kabla hajataja idadi ya miaka.

Hakimu alifungua mdomo. Shingo ikajikaza, mkono wa kulia ukapanda kidogo wenyewe kama kawaida yake. Tukangoja.

"Ndiyo maana wewe nitakupa cha maisha."

Bonge alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Sasa tatizo. Ukumbi tuliokuwa tunautumia ni wa maktaba, na mchana ule wa onyesho tuliugawana vikundi vitatu, kila kimoja dakika hamsini. Msimamizi wa ukumbi si mtu mbaya, ila ni mtu wa saa. Dakika hamsini zikitimia, anazima taa za jukwaa, awe nani au afanye nini. Mwaka juzi alituzimia wakati mfalme wetu anakufa. Mfalme akafia gizani, watu wakasikia kishindo tu.

Mimi ndiye mwenye saa ya kikundi, ile ya kubonyeza wanayotumia walimu wa michezo, na daftari la kuandika muda wa kila sehemu. Kwa hakimu wa zamani mchezo ulichukua dakika arobaini na sita. Kwa Hakimu wetu, zoezi baada ya zoezi, niliandika hamsini na saba. Mara moja hamsini na nane.

Madamu aliniita pembeni, karibu na ubao. Alisema hataki kumwondoa. Uso wake kwenye kile kiti ni nusu ya mchezo. Lakini hesabu ni hesabu. Alikuwa amefikiria kupunguza hukumu ibaki aya moja, akaona mchezo unakufa. Kwa hiyo alikuwa na wazo lingine: Hakimu akae pale na joho lake, apige nyundo, atazame watu, na maneno yake yasomwe kutoka nyuma ya pazia kwa kipaza sauti.

"Na wewe ndiye utakayesoma," aliniambia. "Unayajua maneno, na unamwelewa kuliko sisi."

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Miaka tisa nimenong'ona, na sasa nimepewa kipaza sauti, tena kwa ajili ya mtoto wangu. Niliona kama nimeombwa nimshike mkono avuke barabara. Ningekataaje?

Nilimwambia tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alisimama. Hawezi kutembea na kusema jambo zito kwa wakati mmoja, kwa hiyo akisimama unajua.

"Miaka thelathini na mmoja umenisemea bure, Shangazi. Sasa unataka na jukwaa."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniingia. Tulipofika kwenye kona akaniuliza kama nimekula.

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Madamu. Sikuwepo, lakini walielewana hivi: zoezi la Alhamisi ya wiki ya onyesho, tutacheza mchezo mzima. Ukiisha ndani ya dakika hamsini, Hakimu atasema hukumu yake kwa mdomo wake. Ukizidi, nitasoma mimi. Zilibaki siku kumi.

Mimi nikiwa na jambo linalonisumbua huwa nafungua daftari. Jioni ile nilipitia mazoezi yote, mstari kwa mstari, nikaona hamsini na saba, hamsini na saba, hamsini na nane, halafu katikati, kwa mwandiko mkubwa wa Bonge, hamsini na moja na nusu.

Siku hiyo nilikuwa nimebaki dukani. Shule zilikuwa zinatoa mitihani, mashine zote tatu zinawaka moto, nikampa Bonge saa na daftari. Nilipoona namba yake siku ile nilidhani amebonyeza kwa kuchelewa, maana vidole vyake vimezoea shoka. Sikumsahihisha, wala sikuamini.

Safari hii nilimfuata buchani. Alikuwa anakata mbavu, na wateja wawili mbele yangu. Aliapa kwa kisu kile kile kwamba alibonyeza mwanzo akabonyeza mwisho, na kama sikumwamini alikuwa tayari kubonyeza tena mbele ya mashahidi. Kisha, akiendelea kukata, akasema kwamba siku ile ilikuwa ngumu kwelikweli, maana mkumbushaji hayupo, kila mtu anajitegemea, na Hakimu wa watu hakuwa na hata wa kumnong'oneza.

Nilinunua nusu kilo ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Kila ninapomkumbusha mwigizaji naweka nukta pembeni ya mstari. Nilikaa jikoni nikahesabu. Bonge alikuwa na nukta nne, Nesi mbili. Hakimu, kwa zoezi moja, alikuwa na nukta thelathini na tatu.

Nilimwita aje akae kwenye kiti cha pili. Nikamwomba aseme hukumu, nami nimkumbushe kama siku zote. Dakika tisa na sekunde arobaini. Nikamwomba aiseme tena, nikaifunga karatasi, nikaweka mkono mdomoni. Dakika tano na sekunde kumi.

Niliitazama saa kama imenitukana. Nikamuuliza, katika zile nukta zote, ni mara ngapi alikuwa amesahau kweli. Akafikiri, maana si mtu wa kutia chumvi, akaonyesha vidole viwili.

"Neno linakuwa linakuja," alisema. "Kama mtu anavuta ndoo kisimani. Halafu wewe unanimwagia kikombe cha maji usoni. Ndoo inanitoka, inarudi chini. Naanza upya."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

Alinitazama muda, na macho yake yalianza kucheka kabla ya mdomo.

"Nilianza kukuambia. Ukanimalizia."

Nilicheka hadi nikalia, au nililia hadi nikacheka, sina hakika na mpangilio. Alinisogezea kitambaa cha meza nijifute. Baadaye nilimuuliza, kwa kuwa kazi ni kazi, nitajuaje siku akisahau kweli. Akasema atageuza shingo anitazame. Nisipoona shingo imegeuka, nikae kimya hata kama ukumbi unaungua.

Siku zile zilizobaki nilijifunza kazi yangu upya, nikiwa na miaka hamsini na miwili. Kunyamaza ni kugumu kuliko nilivyodhani. Neno linakuja mpaka kwenye meno, na unajua ni sahihi, na unajua ungeweza kumsaidia. Nilikuwa nauma kalamu. Kalamu mbili ziliisha kwa meno, siyo kwa kuandika.

Alhamisi tulicheza mchezo mzima. Nilibonyeza mwanzo, nikabonyeza mwisho, nikampelekea Madamu saa. Dakika hamsini na moja na sekunde kumi.

Alisoma, akavua miwani. Alisema amefurahi, kwamba hajawahi kuona watu wakipunguza hivyo, na kwamba ahadi ni ahadi kwa pande zote mbili. Hakimu alikuwa bado yuko kwenye kiti chake, joho begani. Alitikisa kichwa kukubali. Hakunitazama, na nilielewa kwamba hakunitazama ili nisijione mkosaji.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Lakini nilikuwa na daftari mkononi, na daftari halina haya. Nikaomba kusoma kitu. Nesi aligeuka kuangalia sauti inatoka wapi.

Nilisoma hivi: Mshitaki anatoa kitambaa anafuta jasho la usoni, sekunde thelathini na tano. Mshitaki anafuta jasho la shingoni, sekunde thelathini na moja. Mshitaki anakamua kitambaa, sekunde ishirini na tisa. Mshitaki anakikunja na kukirudisha mfukoni, sekunde thelathini. Jumla dakika mbili na sekunde tano, na hakuna hata neno moja.

Bonge aliweka mkono kifuani. Alisema kile kitambaa ndicho roho ya mhusika. Mhusika asipotoka jasho watu watajuaje kwamba anateseka? Madamu alimjibu kuwa watajua kwa sababu atakuwa anasema. Bonge akataka kuendelea, akamtazama Hakimu pale kwenye kiti. Kisha akakitoa kitambaa mfukoni, akakikunja taratibu, kama mtu anayekunja bendera, akamwekea mezani.

"Jasho langu limekauka kwa ajili yako," alisema. "Ukishindwa hiyo hukumu, nakufuata nyumbani."

Madamu alipiga hesabu kwenye ubao, kwa chaki, sote tukiangalia. Arobaini na tisa na sekunde tano. Akaandika chini yake: aseme mwenyewe. Akaweka vema.

Jumamosi tulikuwa kikundi cha pili. Kwenye chumba cha kuvalia, ambacho siku nyingine ni stoo ya magazeti ya zamani, nilimfunga Hakimu joho. Kifungo cha pili kinamshinda, na hicho aliniomba mwenyewe nimfunge. Nilichungulia ukumbini. Kaka yangu alikuwa amekaa safu ya pili, katikati, amevaa koti alilofungia ndoa, limembana kwapani. Hakuwa ameona zoezi hata moja. Alikuwa anageuka kulia na kushoto akiwaambia watu ambao hawakumuuliza kitu kwamba hakimu ni mwanawe.

Mchezo ulianza vizuri kupita kiasi. Watu walicheka mapema, na Bonge akisikia kicheko hubadilika. Akatoa kitambaa kingine, sijui alikificha wapi, akajifuta uso, halafu shingo. Nilimtolea macho kutoka nyuma ya pazia. Alikirudisha mfukoni, lakini zaidi ya dakika nzima ilikuwa imeshakwenda. Hukumu ilianza saa yangu ikiwa inasoma arobaini na tatu na sekunde hamsini.

Hakimu alipiga nyundo. Akafungua mdomo, na ukumbi ukakutana naye kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo alikuwa ametoa neno moja moja tu, kaa, simama, endelea.

Mwanzo waliona haya. Mama mmoja wa mbele aliinamia mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mtu alikohoa, mwingine akamfuata. Hiyo ilikuwa aya ya kwanza. Kwenye aya ya pili kuna mzaha kuhusu mshitaki kujua vizuri mno kinachoonekana kupitia dirisha analolilaumu, na mzaha ule ulipofika ulikuwa umechelewa kiasi kwamba watu walishauona unakuja kutoka mbali, na wakaupokea kama mgeni waliyemngojea kituoni. Baada ya hapo hakuna aliyekohoa. Yule mama aliuweka mkoba chini. Nadhani walitaka tu kujua dirisha litakuwa la nani.

Tukafika kwenye aya ya tatu, mstari ambao hata nyumbani ulikuwa unamsumbua. "Mahakama haiwezi kumfundisha mtu asitazame," alisema. "Inaweza kumfundisha tu..."

Hapo akakwama.

Shingo ikajikaza, mkono ukapanda. Niliitazama shingo. Haikugeuka. Neno lilikuwa kwenye meno yangu, zima, na sekunde zinahesabiwa mapajani. Sita. Tisa. Upande wa pili wa jukwaa niliweza kumwona msimamizi wa ukumbi amesimama karibu na swichi, anatazama saa ya mkononi. Kumi na mbili. Nikauma kalamu. Shingo haikugeuka.

"Kunyamaza," ilisema sauti kutoka safu ya pili.

Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Aliisema wazi, kwa moyo mwema kabisa, kama fundi anayempa mwenzake bisibisi.

Madamu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinishika bega akalikamua. Hakimu aliinua macho kutoka kwenye meza yake, akamtafuta mwenye sauti, akampata. Akachukua muda wake wote.

"Mzee wa safu ya pili. Mahakama hii ina hakimu mmoja."

Watu waliangua kicheko. Akawangoja kifalme, mkono kwenye nyundo, mpaka walipotulia.

"Na neno lako silo."

Sijawahi kusikia ukumbi ule ukicheka vile, na sidhani nitausikia tena. Watu walipiga miguu chini. Kaka yangu alizama kwenye lile koti mpaka yakabaki masikio. Nami nikaitazama saa, maana kicheko hakina huruma na muda: arobaini na nane na nusu, na mistari mitano imebaki.

Hakimu alirudi mwanzo wa sentensi, akaishika vizuri. Mahakama haiwezi kumfundisha mtu asitazame. Inaweza kumfundisha tu kumsalimia anayemtazama. Kwa hiyo dirisha libaki. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima, mwenye dirisha atamwamkia jirani yake kupitia dirisha hilo, na jirani ataitikia. Atakayeshindwa siku moja ataliziba kwa mikono yake mwenyewe, tofali kwa tofali, mwenzake akiwa amekaa anatazama.

Aliliachia neno la mwisho, akainua nyundo. Taa zikazimika. Nyundo ikasikika gizani.

Watu walidhani imepangwa. Walisimama wakipiga makofi wasione wanayempigia, na waigizaji wakainama gizani kuelekea upande ambao walikisia ndiko watu waliko. Mpaka leo Madamu, akiulizwa, husema ndiyo, tuliipanga, na huo ndio uwongo pekee niliowahi kumsikia nao.

Nilibonyeza saa. Sikuitazama hadi nilipofika nyumbani.

Kaka yangu alitusubiri nje, kwenye ngazi za maktaba, vifungo vya koti amevifungua. Hakimu alishuka ngazi moja moja na gongo lake. Joho nilikuwa nimelibeba mimi. Waliomwona walimsimamisha, wakampa mkono, wakamwambia hili na lile, na akawajibu, na wakasubiri majibu. Tulipofika kwa kaka, akajikohoza.

"Mwanangu," alisema. "Mimi pale..."

Akaishia hapo. Alitazama viatu vyake, akatazama barabara. Nilijua anachotafuta, na nadhani mwanawe alijua pia. Hakuna aliyempa. Tukasimama tu, watatu, watu wakitupita.

Mwishowe akaliacha alilokuwa akilitafuta, akashika jingine.

"Lakini ile hukumu yako haina haki hata kidogo. Mtu atoboe ukuta wake, anichungulie, halafu mimi ndiye nidamke kila asubuhi kumwitikia? Mwaka mzima? Bora jela."

Alikuwa amekasirika kweli. Alikuwa amekasirikia hukumu, kama mtu aliyeshindwa kesi, na hakimu mwenyewe yuko mbele yake. Hakimu aliliweka gongo vizuri kwenye ngazi, akavuta pumzi. Kaka yangu alifungua mdomo, nikamwona akiufunga tena. Akatia mikono mifukoni, akainamisha kichwa upande mmoja, akasubiri asikie atakachoambiwa.

"Kata rufaa," Hakimu alisema.

Kaka aliona hilo si jibu, akaanza kueleza kwa nini si jibu, akiwa ameshika njia, na mwanawe akasimama kila hatua kumi ili ambishie. Kila aliposimama, kaka naye alisimama. Nilikuwa nyuma yao na joho mkononi, na kwa mwendo ule ilituchukua karibu saa nzima kufika nyumbani, njia ya dakika ishirini.